Nimepoteza leseni ya kujifunzia, trafiki kanishusha kwenye gari na mwalimu yupo pembeni. Mimi sina leseni, au ninayo ila sijaibeba?

#1 Dereva Mtarajiwa
Wakuu habari za jioni. Niende kwenye mada.

Najifunza gari dogo, huu ni mwezi wa tatu. Leseni yangu ya kujifunzia, ile karatasi ya elfu 10, siioni tangu wiki iliyopita. Mtihani umebaki siku 12. Jana tumetoka na gari la chuo, vibao vya L mbele na nyuma, mwalimu kakaa kushoto na leseni yake anayo. Trafiki akatupiga mkono. Akaangalia ya mwalimu, akasema safi. Akaniuliza ya kwangu, nikamwambia imepotea. Akasema, "Basi wewe huna leseni. Shuka." Mwalimu akashika usukani, tukarudi chuoni kimya kama tumetoka kuzika.

Maswali yangu ni haya. Kupoteza karatasi ni sawa na kutokuwa na leseni? Je, wanatoa nakala ya ile ile au nakata mpya? Na nikikata mpya, ile miezi 3 inaanza upya?

Nawasilisha.

#2 Siti ya Dirishani
Nimeshafunga mkanda. Ngoja waje wajuzi.

#3 Bushiri wa Tandika
Pole mkuu. Anza polisi. Nenda kituo chochote utoe taarifa ya upotevu wa mali. Siku hizi hata kwenye simu inawezekana: unajaza kwenye mfumo wa polisi, unapewa kumbukumbu namba, unalipia hela kidogo, unachapisha. Ukiwa na RB mkononi hiyo ndiyo leseni yako mpaka utoe nyingine. Mimi nilipoteza ya kwangu Kariakoo, nikasukuma gari wiki mbili kwa karatasi ya polisi na hakuna aliyenigusa.

#4 Wakili Mtaani
Bushiri umeanza vizuri, umeharibu mwishoni.

Kwanza, RB na taarifa ya upotevu ni vitu viwili. RB ni namba unayopewa tukio likiandikwa kituoni, tuseme umeibiwa au umepigwa, na polisi wana kazi ya kufuatilia. Taarifa ya upotevu ni karatasi inayosema fulani amekuja akadai kitu chake kimepotea. Haithibitishi kwamba kitu hicho ulikuwa nacho, na haikupi ruhusa ya kuendesha chochote, hata toroli.

Pili, hakuna aliyekugusa kwa sababu hukukutana na wa kukugusa.

Kwa mleta mada: hapa kuna makosa mawili watu wanayachanganya. Kuendesha bila kuwa na leseni, na kushindwa kuionyesha ukiombwa. Wewe ulipewa leseni, namba yako ipo kwenye mfumo wa TRA, muda haujaisha. Karatasi ni ushahidi wa leseni tu. Mimi ningesimama hapo.

#5 Mama Kirikuu
Mwanangu usisumbuke na hao wenye sheria. Mimi nimejifunza gari nina miaka 41, nikiwa na watoto wanne na genge la mboga. Lena yangu, yaani hiyo leseni ya kujifunzia, niliifunga kwenye pindo la khanga pamoja na hela ya nyanya. Binti akafua. Hela zilikauka zikatumika, lena ikawa uji.

Nikaenda na karatasi ya upotevu dirishani TRA. Kijana akatazama mfumo, akaniambia mama zimebaki siku 9, ukianza kuhangaikia hii itaisha hujaipata, kata nyingine. Nikatoa elfu 10 nyingine, nikaondoka nayo siku ile ile. Leo napiga kirikuu, kigari cha mizigo, Tegeta mpaka sokoni alfajiri. Nenda kakate mpya ulale usingizi.

#6 Dereva Mtarajiwa
Asante sana mama. Ila siku 12 za mtihani na mpya zinaingiliana vipi? Chuo kilishapeleka jina langu na namba ya ile ya zamani.

#7 Ngosha wa Buhongwa
Trafiki alikuwa anataka ya maji tu. Kama kweli huna leseni angekuandikia, sio kukushusha. Faini ni elfu 20, angekupa risiti mkaachana.

#8 Mhasibu wa Kimara
Ngosha, elfu 20 ilikuwa zamani. Kosa moja ni elfu 30. Elfu 10 ni ya pikipiki na bajaji, walipunguziwa kwenye bajeti ya 2021. Tusimpotoshe kijana.

#9 Ngosha wa Buhongwa
Sawa mhasibu. Mimi ni wa bodaboda ndiyo maana nimechanganya, siku hizi naandikiwa kwa bei ya jumla.

#10 Deiwaka Mstaafu
Nyie vijana mna mambo. Sisi enzi zetu hakuna lena, hakuna chuo. Unaanza utingo, unaosha lori, mwaka wa pili dereva anakuachia usogeze gari kwenye foleni ya mzani. Mwaka wa tatu anasinzia, wewe unaendesha Mikese mpaka Chalinze usiku. Leseni inakuja baadaye, kama cheti cha ndoa kwa watu wenye watoto watatu.

Hiyo karatasi ya miezi 3 ipo kwa ajili ya kukusanya elfu 10. Hakuna mtu anayejifunza gari kwa karatasi.

#11 Binti Pwani
Babu Deiwaka, na mizoga ya malori tunayoikuta kwenye kona za Kitonga nayo ilisogezwa na utingo wa mwaka wa tatu?

#12 Deiwaka Mstaafu
Binti, nimekaa kimya.

#13 Mwalimu wa Gia
Nimefundisha udereva miaka 11, nimeacha, sasa nafuga kuku. Naomba niweke sawa mambo mawili matatu.

Deiwaka, lena si ya kukusanya elfu 10 tu. Ukifungua madaraja ya leseni zetu, A ni pikipiki, D ni gari dogo la kawaida, E ni lori, mwisho kabisa kuna H. H ndiyo ya anayejifunza. Yaani ni leseni kamili yenye masharti yake: uwe na mwalimu pembeni, gari liwe na L, na usibebe abiria. Ndiyo maana mwalimu akiwa na leseni yake haisaidii upungufu wa mwanafunzi. Aliyeshika usukani ni mwanafunzi.

Kwa nini trafiki wamekuwa wakali kwenye magari ya L? Kwa sababu kuna walimu walikuwa wanachukua mtu barabarani hana chochote, anampa usukani saa moja kwa elfu 15, gari lina L, wakisimamishwa anasema "lena yake ipo ofisini". Ile sentensi yako ya "imepotea" trafiki ameisikia mara mia. Hakuwa anakuonea, hakukuamini tu.

Na kuna bima. Ikitokea umegonga mtu wa bodaboda halafu huna cha kuonyesha kwamba uliruhusiwa kuwa hapo, chuo kitakuruka mbele ya macho yako. Nimeliona hilo, sitaki kusema wapi.

#14 Wakili Mtaani
Mwalimu nakubaliana na wewe kwenye bima, sikubaliani kwenye jambo la msingi. Trafiki kutokuamini haigeuzi leseni iliyopo kuwa leseni isiyokuwepo. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ni ya 1973, Sura ya 168, imeandikwa wakati karatasi ndiyo kila kitu. Leo afisa ana mashine mkononi.

#15 Mwalimu wa Gia
Mashine ya faini, wakili. Kama umewahi kuona trafiki anahakiki lena ya mwanafunzi juani saa 7 mchana huku nyuma daladala zinapiga honi, nitajie hiyo barabara nihamie.

#16 Msaada Haraka
Mkuu njoo PM. Lena ndani ya saa 1, huna haja ya kwenda polisi wala dirishani. 45,000 tu.

#17 Mhasibu wa Kimara
Elfu 10 ya serikali anaiuza elfu 45. Huyu amesoma uchumi.

#18 Mama Kirikuu
Mwanangu usiende PM! Vishoka wanakupa karatasi nzuri kuliko ya serikali, siku ya mtihani namba haisomi, unalala ndani.

#19 Nipo Reading
Nyie mnalia karatasi. Mimi nilinyang'anywa leseni yenyewe. Kaeni niwape, labda itamsaidia mleta mada kuona tofauti anayoizungumzia wakili.

Nilikuja Uingereza na leseni ya Bongo yenye E, nimepiga lori Dar mpaka Tunduma miaka 9. Ukihamia hapa leseni ya kwenu unaitumia miezi 12. Baada ya hapo ni picha ya ukumbusho. Kuna nchi ambazo wanakubadilishia moja kwa moja, Afrika Kusini na Zimbabwe zimo. Tanzania haimo. Kenya nayo haimo, kwa hiyo majirani msicheke. Nikanunua ya kujifunzia, pauni 34 mtandaoni, nikabandika L nyekundu. Mtu mzima, nimevuka Kitonga na tani 30 mgongoni, nafundishwa na binti wa miaka 26 namna ya kuwasha indiketa.

Nadharia maswali 50, ukipata chini ya 43 umefeli, na bado kuna video za kutambua hatari. Hiyo nilipita. Barabarani nikafeli mara mbili. Mara zote mbili ni kioo. Mtahini ananiambia gari unalijua ila huangalii kioo. Sikuelewa. Lori la Tunduma ukiangalia kioo utaona nini, utaona mzigo wako. Mara ya tatu nikageuza shingo kama bundi, nikapita.

Mwezi wa tano tangu nifaulu, nipo kwenye foleni, taa nyekundu, gari limesimama. Voisi ya WhatsApp ikaingia kutoka kwa mke wangu Mbeya. Nikashika simu. Nainua macho, askari yupo kwenye kioo cha upande wangu anatabasamu.

Simu mkononi hapa ni faini pauni 200 na pointi 6. Dereva wa siku nyingi angelipa akaendelea na maisha, yeye anaanza kupata joto akifika 12. Ila kuna sheria ya 1995 ya madereva wapya: ndani ya miaka 2 tangu ufaulu, ukifika pointi 6 leseni inafutwa. Haifungiwi. INAFUTWA. Barua ikaja nyumbani. Nikarudi kwenye ya kujifunzia, nadharia tena pauni 23, barabarani tena pauni 62, na foleni ya kupata tarehe ya mtihani hapa ni ya miezi. Kazi ya kusambaza mizigo ikaenda. Nikawa napanda basi na mfuko wa vifaa vya kazi kama fundi bomba.

Kwa hiyo kijana, wewe umepoteza karatasi, haki yako ipo. Mimi kadi ilikuwepo mfukoni, haki ndiyo iliyokwenda.

#20 Chizi wa Spidi
Voisi yenyewe ilikuwa inasemaje mkuu?

#21 Nipo Reading
"Umekula?"

#22 Chizi wa Spidi
Pauni 285 kwa ajili ya "umekula". Huyo mama apewe tuzo.

#23 Mhasibu wa Kimara
200 na 23 na 62. Ni 285 kweli, ukiacha ya kujifunzia. Chizi leo umenishangaza.

#24 Bushiri wa Tandika
Nipo Reading, na huko ukipoteza kadi tu kama huyu kijana?

#25 Nipo Reading
Unalipa pauni 20 mtandaoni, inakuja kwa posta. Polisi unawaambia kama imeibiwa. Na ukisimamishwa huna kadi mfukoni, askari anaweza kukupa siku 7 uipeleke kituo cha polisi unachokichagua. Hakushushi ukirudi na aibu.

#26 Wakili Mtaani
Hapo! Hicho ndicho ninachosema. Wenzetu wametenganisha asiyenayo na asiyeibeba.

#27 Mwalimu wa Gia
Wakili, Reading si Mbagala Rangi Tatu. Mpe mtu wa kwetu siku 7, ya kwanza ataitumia kumtafuta Msaada Haraka kule PM.

#28 Msafiri wa Ruiru
Salamu kutoka Kenya. Huku kwetu inaitwa PDL, na pia ni ya miezi 3, hapo tuko sare. Lakini mimi nikiskia mtu analia amepoteza PDL nashangaa, kwa sababu unaiomba kwa akaunti yako ya eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali. Ikipotea unaingia saiba, unachapisha ingine, unaenda. Ukiulizwa barua ya polisi, sisi tunaita abstrakti, nayo ni bure, usikubali mtu akuitishe pesa ya kalamu.

Shida yetu si karatasi. Shida ni ubao. Kuna meza imechorwa mji mzima, barabara, mzunguko, reli, unapewa kigari cha kuchezea unaambiwa toka hapa uende pale. Mimi kwa barabara naendesha poa. Kwa ule ubao niliingia mzunguko na kigari kinyume, mtahini akanyamaza tu, akaandika.

#29 Siti ya Dirishani
Mtu mzima kafelishwa na kigari cha kuchezea, hahaha. Mods wekeni huu uzi juu.

#30 Msafiri wa Ruiru
Cheka tu. Nyinyi mnashushwa kwa gari mkiwa na mwalimu.

#31 Binti Pwani
Turudi kwenye mada. Dereva Mtarajiwa, hujatuambia imepoteaje. Hiyo taarifa ya upotevu lazima uandike mahali na tarehe. Ilipotelea wapi?

#32 Dereva Mtarajiwa
Nadhani daladala ya Gongo la Mboto. Wallet ninayo ila lena haimo.

#33 Binti Pwani
Mwizi wa Gongo la Mboto kafungua wallet, kaacha hela, kachukua lena ya mtu, akarudisha wallet mfukoni. Huyo si mwizi, ni mwanafunzi mwenzako.

#34 Chizi wa Spidi
Hii chai ina tangawizi.

#35 Dereva Mtarajiwa
Sawa sawa jamani. Sina uhakika. Mara ya mwisho kuikumbuka ni kwenye gari la chuo, niliichomeka kwenye kile kibao cha kuzuia jua. Gari hilo tunatumia watu wengi.

#36 Mwalimu wa Gia
Ahaa. Sasa umeanza kusema.

Swali moja, usinifiche: chuo unadaiwa?

#37 Dereva Mtarajiwa
Nimebakiza elfu 60 ya ada. Nilimwambia mkuu wa chuo nitamaliza mwisho wa mwezi.

#38 Mwalimu wa Gia
Basi kabla ya kwenda polisi nenda kaulize ofisini kwa upole. Kuna vyuo vinakusanya lena za wanafunzi kwenye faili moja, wanasema ni kwa ajili ya orodha ya mtihani. Hilo lina maana, maana siku ya mtihani askari anaita majina na anataka lena za wote kwa mpigo. Ila faili hilo hilo linakuwa dhamana ya ada. Hakuna anayekuambia "tumeishikilia". Wanakuambia "hatujaiona", na siku unalipa inaonekana chini ya daftari la mahudhurio.

Sisemi chuo chako kimefanya hivyo. Nasema kaulize.

#39 Wakili Mtaani
Na kama ndivyo, akienda polisi kuandika imepotea atakuwa ameandika taarifa isiyo ya kweli juu ya kitu ambacho kipo kwenye droo. Uzi umekuwa mtamu.

#40 Bushiri wa Tandika
Sikubaliani. Kama hajui ilipo, kwake imepotea. Kupotea ni kwa mwenye mali, sio kwa droo.

#41 Mama Kirikuu
Bushiri leo umeongea.

#42 Ngosha wa Buhongwa
Mimi bado nasimama kwenye ya maji. Huyo trafiki aliona gari la L, akaona kijana anatetemeka, akajua leo nimepata.

#43 Dereva Mtarajiwa
Ngosha, hakuomba chochote. Kwa kweli alikuwa mpole, ila alisimama kwenye neno lake. Mwalimu ndiye aliyetaka kumpa kitu, akakataa.

#44 Ngosha wa Buhongwa
Basi huyo mleteni Mwanza.

#45 Mzee wa Vitabu
Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Huyu kijana aliuliza maswali matatu, mmejibu moja na nusu. Binti yangu kapita njia hiyo mwezi uliopita, nimuelezee tulivyoona sisi.

Ile ya miezi 3 inahesabiwa tangu tarehe iliyoandikwa. Ukikata mpya, ni mpya, na tarehe yake mpya. Binti yangu ya kwanza iliisha akiwa hajamaliza mafunzo kwa sababu aliumwa, tukakata ya pili. Hakuna aliyemuuliza kwa nini ana mbili. Kwenye mtihani walitaka iliyo hai tu.

Alivyofaulu, akapewa cheti cha umahiri na trafiki, ndipo tukarudi TRA kwa picha na alama za vidole. Leseni yenyewe ni 40,000 ya miaka 3.

#46 Mhasibu wa Kimara
Mzee shikamoo. Hapo kwenye bei umeteleza: tangu 2019 leseni ni 70,000, na inakaa miaka 5. Hiyo 40,000 ya miaka 3 ndiyo ile ya zamani.

#47 Mzee wa Vitabu
Marahaba. Basi mke wangu ndiye aliyelipa, mimi nilisimuliwa.

#48 Deiwaka Mstaafu
Mzee unasimuliwa bei za nyumbani kwako?

#49 Mzee wa Vitabu
Ndoa yangu ina miaka 34. Sababu mojawapo ni hiyo.

#50 Nipo Reading
Naomba nirudi kidogo. Kuna mtu kaniuliza PM kama pointi zilifutika nilipofaulu tena. Hapana. Zile 6 ziko pale pale kwenye rekodi mpaka muda wake uishe, na bima wanaziona. Bei ya bima niliyotajiwa nilidhani ni bei ya gari. Kwa hiyo simu naiweka kwenye buti siku hizi. Mke wangu ameshazoea, anatuma "umekula" saa tano usiku nikiwa kitandani.

#51 Binti Pwani
Na umekula?

#52 Nipo Reading
Wali na maharage ya kopo.

#53 Dereva Mtarajiwa
Wakuu mrejesho.

Leo asubuhi nimeenda chuo kwanza kama Mwalimu wa Gia alivyoshauri. Nimeuliza kwa upole. Katibu akasema hajaiona. Nikamwomba tuangalie kwenye faili pamoja, akasema faili lipo kwa mkuu na mkuu yupo safarini. Kwenye gari nimeangalia kibao cha jua, chini ya viti, mpaka kwenye tairi la akiba. Nimekuta lena ya mtu mwingine iliyoisha mwaka jana, ganda la ndizi, na sarafu ya mia mbili.

Nikajaza taarifa ya upotevu kwenye simu, nikalipia, nikachapisha. Mahali ilipopotelea nimeandika "sifahamu", Wakili usiniue. Nikaenda dirishani nikiwa na kitambulisho cha NIDA na hiyo karatasi. Yule dada hata taarifa ya upotevu hakuiangalia sana. Akasoma mfumo, akasema ya kwako imebakiza siku 16, unataka tuhangaike na hiyo au nikupe mpya? Nikakumbuka Mama Kirikuu. Nimekata mpya, elfu 10, ninayo hapa, nimeipiga picha nne na moja nimemtumia mama mzazi.

Mwalimu kasema namba mpya atapeleka mwenyewe kwenye orodha ya mtihani. Tarehe haijabadilika. Jioni tumerudi barabara ile ile. Yule trafiki hakuwepo.

#54 Mama Kirikuu
Hongera mwanangu! Siku ya rivasi usiangalie kioo kimoja tu.

#55 Wakili Mtaani
"Sifahamu" ni jibu halali kuliko yote uliyotoa kwenye huu uzi. Ila kaa ukijua umelipa elfu 10 kwa haki ambayo ulikuwa nayo bado siku 16.

#56 Mwalimu wa Gia
Na ada elfu 60 ulilipa?

#57 Dereva Mtarajiwa
Bado mwalimu. Mwisho wa mwezi.

#58 Mwalimu wa Gia
Ukilipa, njoo utuambie kama ile ya kwanza haijaonekana.

#59 Chizi wa Spidi
Siku 16 zimebaki lakini mtihani una siku 12, sasa 10. Ile ya kwanza ingetosha kabisa kwenye mtihani. Kwa nini dada wa dirishani hakumpa nakala?

#60 Mzee wa Vitabu
Ukifeli unarudia baada ya muda, na 16 zinaisha. Yule dada ana watoto.

#61 Deiwaka Mstaafu
Au mpya inaingiza elfu 10 na nakala haiingizi. Nilisema mapema mkanicheka.

#62 Msafiri wa Ruiru
Au hakuna kitu kama nakala kwa huo mfumo wenu. Mtu aulize.

#63 Kondakta wa Chanika
Samahani naingilia kati wakuu. Mimi nimefaulu mtihani wiki mbili zilizopita, nikapewa cheti cha umahiri, nikakiweka kwenye dashibodi ya kosta ya bosi nikitaka kwenda TRA. Bosi kauza kosta Jumapili. Hapo naanzia wapi?

#64 Siti ya Dirishani
Fungeni mikanda tena.